Baba Yetu: mama anachanganya ya Minara Miwili na ya Mkunazini. Na hili neno "usitutie" lina maana gani?

#1 MwanaMbweni

Wakuu salaam.

Mama yangu ana miaka 84, na tangu Ramadhani iliyopita hanyanyuki kitandani. Kila usiku kabla hajalala tunasali Baba Yetu pamoja. Yeye alizaliwa Mkatoliki, ubatizo wake ni wa kanisa la Minara Miwili hapa Unguja. Akaolewa na marehemu baba, Muanglikana wa kanisa la Mkunazini, na sisi watoto tukalelewa huko kwa baba. Kwa hiyo sala zote mbili zimekaa kichwani mwake miaka zaidi ya sitini, na siku hizi zinatoka kwa pamoja. Anaanza "ufalme wako ufike", anakuja "utupe leo riziki yetu", "utusamehe deni zetu", halafu anamalizia "utuopoe maovuni". Mimi pembeni namfuata kwa ile ya kwetu. Tunagongana njiani.

Hilo la kugongana ningeliacha lipite. Kilichonileta ni usiku wa juzi. Alifika "usitutie", akasimama. Akanigeukia: "Hivi ni Mungu ndiye anayetutia?" Nikabaki na kikombe cha uji mkononi, uji unapoa, sina jibu. Sala hii naisema tangu sijajua kusoma na hata siku moja sijajiuliza.

Wenye kujua nisaidieni. Neno hili maana yake nini hasa? Na je, nimsahihishe mama anapochanganya, au nimwache?

#2 KijanaWaKikwajuni

Nafuatilia. Mpe pole mama. Kwa la pili jibu langu ni moja: mwache.

#3 Katekista_U

Pole kwa kuuguza, MwanaMbweni.

Kwanza tujue kwa nini ziko mbili. Yesu mwenyewe kwenye Injili ametajwa akifundisha sala hii mara mbili, Mathayo 6:9-13 na Luka 11:2-4, na maneno hayalingani. Luka ni fupi zaidi. Juu ya hapo tumefasiriwa Kiswahili na wamisionari wa makanisa tofauti. Wakatoliki tunasema "utakalo lifanyike duniani kama mbinguni", "mkate wetu wa kila siku", "makosa yetu", "usitutie katika kishawishi, lakini utuopoe maovuni". Wenzetu wanaosoma Biblia ya Muungano wanasema "mapenzi yako yatimizwe", "riziki yetu", "deni zetu", "usitutie majaribuni, lakini utuokoe na yule mwovu". Hakuna iliyobuni. Zote zinafasiri Kigiriki kilekile.

Swali la mama ni zito, na wakubwa wameliuliza kabla yake. Yakobo 1:13 inasema wazi kwamba Mungu hamjaribu mtu. Sasa vipi tumwombe asitutie? Jibu ninalofundisha mimi ni kwamba Yesu alisali kwa lugha ya Kiaramu, na katika lugha zile za Mashariki kitendo cha kusababisha na kitendo cha kuruhusu vinaweza kubebwa na umbo moja la kitenzi. Kwa hiyo maana ni "usituache tukaingia". Papa Fransisko alilisema hili mwezi wa Desemba 2017, kwamba baba hamsukumi mwanawe aanguke. Mwezi huohuo Ufaransa wakaanza kusali "usituache tuingie katika kishawishi". Italia nao wakabadilisha mwaka 2020, kwao sasa ni "usitutelekeze kwenye kishawishi".

Kwa Kiswahili bado ni "usitutie".

#4 FundiLugha

Katekista ahsante, ila kwenye Kiaramu tuende polepole. Maandishi tuliyonayo ni ya Kigiriki, na Kigiriki pale kinasema "usituingize", hakina "usituache". Ukisema Yesu alikusudia jengine unarudi nyuma ya maandishi kwa kukisia. Huenda kisio ni zuri, lakini ni kisio.

Mimi nataka niseme kitu ambacho naona watu hukipita, nacho ni ngeli. Kigiriki mwisho wa sala kina neno moja ambalo laweza kuwa "yule mwovu", yaani Shetani, au "lile ovu", uovu wenyewe. Umbo la neno ni moja, msomaji anabaki na yote mawili. Kiswahili hakikupi nafasi hiyo! Ukifungua kinywa tu ushachagua: ngeli ya mtu, "yule mwovu", au ngeli ya MA, "maovu". Mkunazini wamechagua mtu, Minara Miwili wamechagua mambo. Hakuna aliyekosea, lugha yetu ndiyo iliyowabana.

Na kabla hajatokea wa kuuliza: "uliye mbinguni" si wakati uliopita. Nimeshasikia kijana akisema "kwani sasa hayupo?" Hiyo -li- ni kitenzi kuwa, kama "aliye", "walio", "nilipo". Uliye ni ambaye upo.

#5 YakheWaDarajani

Mimi swali langu dogo. Mkate wa kila siku, mkate gani? Boflo, wa ufuta, wa mofa au wa kumimina? Maana kwetu mkate wa kumimina ni wa siku ya mgeni, hauji kila siku. 😄

#6 Bi_Kiembesamaki

Yakhe umeuliza kwa kucheka lakini ndiyo hasa watoto wanayoniuliza. Nafundisha skuli ya Jumapili mwaka wa 11 huu. Mtoto wa hapa kwetu asubuhi anakula muhogo na chai, mchana wali na mchuzi wa samaki. Mkate kwake ni kitafunio. Ukimwambia "utupe leo mkate" anaona tunaomba chai ya jioni. Ukimwambia "riziki" anaelewa palepale, kwa sababu kila siku anamsikia baba yake akitoka mlangoni, "naenda kutafuta riziki". Riziki ni samaki, ni abiria wa daladala, ni mgonjwa kupona akarudi kazini.

Mimi nasema aliyeweka neno riziki aliijua pwani.

#7 Katekista_U

Bi Kiembesamaki, nakubali kwamba riziki ni neno pana na tamu. Lakini sisi mkate hatuuachi, na sababu ninayo. Yesu alichukua mkate, akaumega. Ukitoa mkate kwenye sala umekata uzi unaoiunganisha na meza ya Bwana.

Halafu liko jambo la ajabu hapa. Lile neno tunalolifasiri "wa kila siku" kwa Kigiriki ni *epiousios*, na mahali pengine popote halionekani kwa uhakika ila kwenye sala hii. Origene wa Aleksandria, karne ya 3, mtu aliyekulia kwenye Kigiriki, aliona kwamba waandishi wa Injili wamelibuni wenyewe. Mtakatifu Jeromu alipofasiri kwa Kilatini, kwenye Luka akaweka "wa kila siku", kwenye Mathayo akaweka neno lenye maana ya "mkate upitao vitu vyote". Neno lilelile, mtu yuleyule, fasiri mbili! Na akasema kwamba katika Injili moja ya Kiebrania aliona limeandikwa *mahar*, yaani kesho.

#8 KijanaWaKikwajuni

Subiri. Kwa hiyo tunaomba leo tupewe mkate wa kesho?

#9 FundiLugha

Ndiyo mojawapo ya maana. Wako wanaosema "wa siku inayokuja", wako "unaotutosha kuishi", wako "wa kila siku", wako "wa mbinguni". Biblia ya Habari Njema wameandika "chakula chetu tunachohitaji", wao wameshika hiyo ya kutosha. Ukiisali asubuhi, siku inayokuja ni leo. Ukiisali usiku kama mama wa MwanaMbweni, ni kesho.

#10 YakheWaDarajani

Basi kesho inatosha. Keshokutwa, mtondo na mtondogoo tumwachie mwenyewe.

#11 NahodhaMstaafu

Nimefanya kazi ya chombo miaka 30, Mkokotoni, Nungwi, Wete, Mkoani, Tanga. Sikusoma Kigiriki. Lakini hili la "usitutie" nataka kulisemea.

Mkondo wa Pemba tunaujua sote. Upepo wa kusi ukishika, maji yanakwenda kwa nguvu kaskazini, na kuna saa ukiingia hapo na jahazi dogo, mawimbi yanakuja hayana mpangilio, moja linatoka huku jengine kule. Abiria hajui hayo. Abiria anachojua ni nahodha. Kwa hiyo akiona tanga linapandishwa anasema, "Nahodha, usitutie mkondoni." Hamtuhumu nahodha kwamba yeye ndiye mkondo, wala kwamba anapenda watu wafe. Anasema hivyo kwa sababu usukani uko mikononi mwake na hakuna mwengine wa kumwambia.

Mimi nikisali maneno yale, hivyo ndivyo ninavyoyasema.

#12 MwanaMbweni

Nahodha, nimekusoma mara tatu. Leo usiku nitamsomea mama post hii kama ilivyo.

#13 Dada_Tumaini

Nahodha umesema vizuri, lakini hujamaliza. Nahodha ndiye anayechagua njia. Kama mkondo upo na yeye anaujua, na akapita hapo hapo, abiria ana haki ya kuuliza kwa nini. Ibrahimu aliambiwa amtoe mwanawe, na Mwanzo 22 inasema Mungu alimjaribu. Inasema hivyo wazi. Yesu mwenyewe aliongozwa na Roho kwenda nyikani ili ajaribiwe, Mathayo 4:1, kurasa mbili tu kabla ya sala hii. Kwa hiyo mimi siafiki hii haraka ya kumsafisha Mungu kwa kubadilisha kitenzi. Tuache "usitutie" kama ilivyo, na tukubali kwamba tunaogopa.

Nilimzika mwanangu mwaka jana. Mimi hiyo sala naisema kwa kuogopa.

#14 Katekista_U

Pole sana dada. Sina la kuongeza hapo.

#15 MichenzaniBlokiNne

Assalam alaykum. Mimi ni Muislamu, mtanisamehe kuingia. Jirani yangu wa miaka mingi ni Mkristo na sala hii nimeisikia kwenye maziko yao mara nyingi.

Sisi Mungu hatumwiti Baba, hilo mnalijua na sitaki kufungua mjadala wake. Ila kwenye "usitutie majaribuni" mimi nasikia jambo ninalolijua. Sisi mtu akifikwa tunasema "huu ni mtihani". Na mwisho wa Suratul Baqara, aya ya 286, tunaomba: Mola wetu, usitutwike tusiyoyaweza. Hatusemi Mungu mwovu, tunasema sisi dhaifu.

La pili. Katika Sunan Abu Dawud, mkusanyo wa hadithi za Mtume, sehemu ya tiba, iko dua ya kumsomea mgonjwa, imepokewa kwa Abu Dardaa. Inasema, kwa ufupi: Mola wetu Allah uliye mbinguni, limetakasika jina lako, amri yako iko mbinguni na ardhini, kama rehema yako ilivyo mbinguni ijaalie ardhini, utughufirie dhambi zetu na makosa yetu, teremsha rehema katika rehema zako na ponya katika ponya yako juu ya maumivu haya. Siku ya kwanza kuisoma nilishtuka. Nikamwita jirani yangu barazani nikamsomea. Akaniambia, "Hii si Baba Yetu?"

Kwa vile bi mkubwa ni mgonjwa, nimeona niiweke hapa.

#16 MwanafunziWaElimu

Waalaykum salaam. Ndugu yangu wa Michenzani, uliyonukuu yapo, lakini uwaambie na hili: wanazuoni wengi wa hadithi wameihesabu sanadi yake, yaani mlolongo wa waliopokezana, kuwa dhaifu. Tusiijengee hoja kubwa.

#17 MichenzaniBlokiNne

Kweli, ahsante kwa kusahihisha. Nimeileta kwa kufanana kwa maneno, si kwa hoja.

#18 FundiLugha

Hata hivyo kufanana huko kuna historia nyuma yake. Wayahudi nao wana sala ya Kadishi, kwa Kiaramu, inayofungua kwa kuomba jina kuu la Mungu litukuzwe na litakaswe, halafu ufalme wake usimame. Yesu alifundisha wanafunzi wa Kiyahudi, maneno yale hayakuwa mageni masikioni mwao.

Na hapo nina neno na wafasiri wetu wote wawili. Kigiriki kinasema jina "litakaswe", lifanywe takatifu. Sisi sote tunasema "litukuzwe". Kutukuza ni kulipa ukubwa, kutakasa ni kuliweka mbali na uchafu. Mtu anaweza kulitukuza jina kwa spika kubwa huku akilichafua kwa matendo. Hii dua aliyoileta ndugu wa Michenzani, kwa Kiswahili chake, iko karibu zaidi na asili kuliko zetu.

#19 MzeeWaMkunazini

Vijana, mnazungumza Kiswahili cha sala hii bila ya kumtaja aliyekileta. Sala tunayosali Mkunazini ni ya Askofu Steere, aliyejenga kanisa letu juu ya soko la watumwa mwaka 1864. Na Wakatoliki wameikata mkia. "Kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu, hata milele" wao hawana.

#20 Katekista_U

Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, yako ya kurekebisha.

Mwaka 1864 ndipo Steere alipofika Unguja pamoja na Askofu Tozer. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Krismasi ya 1873, mwaka uleule soko lilipofungwa. Steere akawa askofu 1874, akafariki 1882, na amezikwa humo humo nyuma ya altare.

Kuhusu mkia, hatukuukata. Luka hana maneno hayo kabisa, na nakala kongwe za Mathayo hazina. Ndiyo maana hata Biblia ya Muungano imeyatia kwenye mabano, fungua 6:13 utaona. Ni maneno ya zamani sana lakini, maana Didake, kitabu cha Wakristo wa mwanzo, kimeshayaweka karibu hivyo mwishoni mwa sala, na kinaagiza isaliwe mara tatu kwa siku. Na sisi tunayasema kila Misa! Padri anaongeza sala yake ya "utuopoe" kwanza, ndipo watu wote wanaitikia "kwa kuwa ufalme ni wako". Njoo Minara Miwili Jumapili utatusikia.

#21 FundiLugha

Na Mzee, maneno mnayosali leo si ya Steere moja kwa moja. Biblia nzima ya Kiunguja iliyotokana na kazi yake ilitoka 1891, miaka tisa baada ya kufa kwake. Hii ya Muungano, iliyounganisha Kiunguja na Kimvita, imekamilika 1952. Alichofanya Steere ni kuweka msingi, na hilo hakuna wa kumnyang'anya. Alikaa akawasikiliza watu wa hapa wanavyosema.

#22 MzeeWaMkunazini

Marahaba wanangu. Nimerekebika. Ila bibi yangu alitolewa jahazini mtoto mdogo, akalelewa Mbweni na wamisionari, na Baba Yetu ndiyo maneno ya mwanzo ya Kiswahili aliyoyashika kwa moyo. Kwao ilikuwa bara, alishasahau lugha ya mama yake. Alikuwa akisema, "Mimi baba yangu sikumjua sura. Nilipofundishwa kusema Baba Yetu, nikapata wa kumwita." Kwa hiyo mkizungumza maana ya sala, maana yake kwetu ilianzia neno la kwanza.

#23 KijanaWaKikwajuni

Mzee 🙏🏾

#24 Mpemba_Halisi

Nami wa Chake nitie langu. Bibi yangu wa upande wa mama alikuwa wa Marafiki, Wakristo waitwao pia Quaker, wale waliofika Pemba 1897, mwaka ule utumwa ulipokomeshwa kwa sheria. Ibada yao aliyotusimulia ni kukaa kimya. Watu wamekaa kwenye mabenchi, hakuna anayesoma, mpaka Roho amsukume mtu aseme. Sala za kukariri hawakuwa nazo sana. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza mbona hatufundishi Baba Yetu kama wenzetu. Akanambia, "Isome polepole kimoyomoyo, ukifika neno usiloliweza, simama hapo hapo. Usipite."

Sasa namsoma MwanaMbweni, mama amesimama kwenye "usitutie". Naona anasali sawasawa.

#25 MlinziWaNeno

Mimi nitakwenda kinyume. Bwana alisema kwenye aya ya 7, kabla tu ya sala hii, "msipayuke-payuke". Akatoa mfano wa namna ya kuomba, akasema "salini hivi". Sisi tumegeuza mfano kuwa kariri, tunagombana mkate na riziki. Kila sehemu pale ni kichwa cha habari, unatakiwa uombe kwa maneno yako.

#26 Bi_Kiembesamaki

Ndugu, Luka anasema "msalipo, semeni". Semeni! Na mgonjwa wa miaka 84 maneno yake mwenyewe yanapomwishia, atashika nini kama si yale aliyoyakariri utotoni? Nimeuguza. Nimeona mtu kasahau jina la mwanawe lakini Baba Yetu inatoka mwanzo hadi Amina.

#27 MlinziWaNeno

Hilo la mgonjwa nakubali. La wazima nabaki nalo.

#28 DukaLaJambiani

Hakuna aliyegusa "deni". Nina duka la rejareja, na nina daftari. Daftari hilo limechakaa kingo, lina mafuta ya taa kwenye jalada, na ndani kuna majina ya nusu ya kijiji: unga kilo mbili, sukari robo, vocha, sabuni mche mmoja. Kila nikisali "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu" naliona daftari. Sioni dhambi, naona daftari.

Je ndivyo alivyokusudia Yesu? Nikifuta yote nafunga duka.

#29 Katekista_U

Mathayo kweli ameandika "deni". Luka ameandika "dhambi" kwenye sehemu ya kwanza, halafu sehemu ya pili akarudi kwenye "tumwiaye", yaani kila tunayemdai. Kwa Kiaramu neno *hoba* ni deni na ni dhambi, vyote viwili. Ndiyo maana sisi tukafasiri "makosa".

#30 Dada_Tumaini

Mimi "makosa" nayaona mepesi. Kosa mtu husema "samahani" likaisha. Deni linabaki mpaka lilipwe au mwenye nalo alifute, na akifuta hasara ni yake. Kusamehe kunagharimu. Neno "deni" linalisema hilo, "makosa" halisemi.

#31 YakheWaDarajani

Lakini dada, "deni" nalo linamponza maskini. Anadhani anaomba afutiwe la dukani tu. Nimemsikia mmoja kwa masikio yangu akimwambia mwenye duka, "Si umesali Jumapili?" Mimi hapo naona "makosa" yana nafuu.

#32 MichenzaniBlokiNne

Kwenye ile dua niliyoileta, neno lililotumika la dhambi ni *hub*. Katekista kasema Kiaramu *hoba*. Yanafanana sikioni. Sijui zaidi ya hapo, nimeona niseme.

#33 Bi_Kiembesamaki

Nirudi kwa Katekista kidogo. "Utuopoe" ni neno zuri mno na watoto wa sasa hawalijui. Mwaka jana ndoo ilikatika kamba ikazama kisimani kwa mama mkwe wangu. Ikatafutwa ndoana ya chuma, ikafungwa kamba mpya, mzee akalala kifudifudi ukingoni kichwa kimeinama ndani, anapeleka kamba huku anasikiliza. Kimya. Halafu *kwa!* imeshika. Akaanza kuivuta taratibu isichomoke. Watoto wangu wa Jumapili watatu walikuwepo, nikawaambia, "Mmeona? Huko ndiko kuopoa." Ndoo haikufanya chochote. Imeopolewa.

"Okoa" tumelisema sana mpaka limekuwa laini.

#34 FundiLugha

Bi, hapo umenishinda. Nilitaka kuandika kwamba "yule mwovu" ina nguvu zaidi. Sasa nipeni siku mbili nifikirie.

#35 MwanaMbweni

Ahsanteni wote. Nimemsomea mama usiku mbili mfululizo, kidogo kidogo, maana anachoka.

Ya Nahodha aliipenda. Alisema babu yake naye alikuwa mtu wa bahari. Ya Dada Tumaini aliniambia nirudie, akanyamaza muda mrefu, akaniambia niandike kwamba anamwombea. Dada, nimeandika. Dua ya ndugu wa Michenzani tuliisoma pia, na jirani yetu Bi mmoja alikuwepo amekaa kwenye mkeka, akaitikia "Amin".

Swali lake hajalijibu, na mimi sijalijibu. Ila jana tulipofika "wadeni wetu" alisimama tena, mahali pengine kabisa. Akaniuliza, "Kuna mtu tunamdai?" Nikamwambia wako wawili. Mmoja ni wa kiwanja, hatujasemezana naye tangu baba azikwe. Mwengine ni pesa ndogo tu. Akasema, "Nenda kawaone kabla hatujasali tena." Mmoja yuko Bububu, mwengine Fumba. Nimepata ruhusa kazini, natoka saa moja asubuhi.

#36 DukaLaJambiani

Nenda salama. Na wa kiwanja umwanzie yeye, huyo ndiye mzito.

#37 FundiLugha

Ukirudi niulizie jambo moja kwa mama, kama hajachoka. Kwenye kusamehe anasema "tuwasamehevyo" ya Mkunazini au "tunavyowasamehe" ya Minara Miwili? Hukututajia, na mimi nataka kujua pale sala mbili zinapokutana kinywani mwake anaipitia ipi.